Muuza boriti wa Lamu anayeandika riwaya (uzi mrefu, njoo na kahawa yako)

Korija20 (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum nyote. Juzi kijana mmoja aliuliza humu kama mtu anaweza kufanya biashara na kuandika riwaya bila kimoja kumla mwenzake. Nikamjibu mistari miwili, mkanijia juu: eleza vizuri. Haya, naeleza. Majina ya vitabu vyangu siyataji. Sheria za humu zinakataza matangazo, halafu Lamu ni ndogo, ukitaja kitabu mwenye kitabu hana pa kujificha.

Mimi ni muuza boriti, mtoto wa muuza boriti. Kwa msio wa pwani: boriti ni miti ya mikoko inayolazwa juu kubeba dari za nyumba za mawe. Ukiingia nyumba ya kale huku Lamu utaona vyumba ni virefu na vyembamba, wageni wakadhani wazee walipenda kubanana. Hapana. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Mti haubebi dari ya chokaa na mawe kwa zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo ukuta unasimama mti unapokoma. Miti hii tunaiuza kwa korija, yaani 20, ndiyo maana ya jina langu hapa. Kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na unene wake na bei yake, na ukikosea kuzitambua kwa jicho utaliwa na wakataji kabla hujaliwa na wanunuzi.

Enzi za ujana wa babangu majahazi yalipakia huku yakaenda Ghuba na pepo za kusi, yakarudi na kaskazi yamebeba tende na mazulia. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi. Mimi nilikuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani, nasoma juzuu. Babangu akageuza omo akaanza kuuza Malindi na Mombasa, kwa wajenzi na wenye mahoteli. Faida ikawa nyembamba kama fito, lakini tulikula.

Nilimaliza kidato cha nne 1994, alama hazikunipeleka popote, akanitia chomboni.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo riwaya zilipotokea. Ukataji una kalenda yake, na kalenda hiyo iko juu angani. Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na nne, kumi na tano, maji ya bamvua hujaa mpaka ndani kabisa ya mito ya mikoko. Hapo jahazi linaweza kuingia na kutoka. Katikati, mwezi ukiwa na siku saba, nane, maji ni mafu: hayajai la maana, hayapwi la maana, na chombo kimekaa matopeni kama ng'ombe aliyegoma. Kwa hiyo unaingia na bamvua, wakataji wanakata, unatoka na bamvua linalofuata. Katikati hapo mwenye mali hana kazi ila kuhesabu miti na kupigana na mbu.

Nikaanza kuandika nyuma ya daftari la hesabu. Mbele: jina la mkataji, korija ngapi, unga na sukari aliyochukua kwa mkopo. Nyuma: mtu mmoja anatoroka Siyu usiku kwa dau la kuazima, na mimi namfuata nione anakwenda wapi. Daftari likajaa kutoka pande zote mbili. Siku moja hesabu na hadithi zikakutana katikati na babangu akasoma ukurasa usio wake. Nilingojea kofi. Akaniuliza, "Huyu alompa dau ni nani? Mbona hamdai?"

Mpaka yeo sijapata mhakiki aliyelizidi swali hilo. Nilikuwa nimeandika kurasa arubaini za mtu anayekimbia na sikujua anadaiwa na nani. Nikarudi nyuma, nikamtafuta mwenye dau, na mwenye dau akageuka kuwa hadithi yenyewe.

Nakwenda kufunga duka, nitaendelea baada ya isha.

Mtoto_wa_Faza

Nimeshatandika mkeka. Usitukimbie kama wale wa "inaendelea" halafu hawarudi mpaka mwaka wa pili.

Mwalimu_Fasihi

Kaka, hilo la "mbona hamdai" nitalitumia darasani kesho, kwa idhini yako. Wanafunzi wangu wanaandika insha mtu anatoka kijijini anafika Nairobi anapanga nyumba, na nauli hatuambiwi imetoka wapi.

Korija20

Litumie, mwalimu, ni mali ya marehemu na yeye hakuwa mchoyo.

Naendelea. Riwaya ya kwanza ilinichukua miaka kumi na ushei. Ilipokamilika ilikuwa kwenye madaftari saba, mawili yamenuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia chombo, kwa sababu nahodha aliyaweka karibu na kopo lake. Nikaichapa mwenyewe kwenye saiba moja hapa mjini, vidole viwili, kwa saa, mwenye saiba akanifanyia bei ya rafiki kwa sababu alitaka kujua mwisho.

Nikapeleka mswada kwa mchapishaji mmoja Nairobi. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi sana na lilikuwa na adabu. Walisema mambo mawili. Kwanza, lugha ina Kiamu kingi, yaani Kiswahili cha kwetu Lamu. Pili, haifai shule. La pili ndilo lililoniumiza kwanza, baadaye nikalielewa kama mfanyabiashara. Kenya hii riwaya ya Kiswahili inaishi kwa shule. Kitabu kikiteuliwa kutahiniwa kidato cha nne, nchi nzima inakinunua kwa miaka. Kisipoteuliwa, mchapishaji anabaki na shehena ghalani. Mimi mwenyewe siwezi kukata nguzo ambazo sijui nani atazinunua. Yeye anafanya hesabu ile ile ninayoifanya mimi mtoni, sikuwa na haki ya kumnunia.

Basi nikasema nitachapa kwa pesa za boriti. Mwaka 2011. Kumbukeni huo mwaka.

Nikaenda kwa mpiga chapa Mombasa. Nikajifunza kwamba kitabu nacho kina boriti zake. Karatasi kubwa huchapwa ikakunjwa ikawa kurasa 16, kwa hiyo kitabu hupangwa kwa mafungu ya 16. Changu kilikuwa kurasa 196. Mpiga chapa akanambia ama nikate kurasa 4 kiwe 192, ama nilipie fungu jingine na kurasa 12 zitoke tupu. Nikakaa kwenye benchi pale nje na kalamu nyekundu. Nilimkata bibi mmoja. Alikuwa na sura yake fupi, anauza vitumbua bandarini na kutoa maoni juu ya kila mtu anayepita. Kurasa nne kamili. Nikamtoa kama mtu anavyotoa jino, na nikalipa amana ya nakala 1,000.

Nambari ya ISBN nilipata kwa huduma ya maktaba ya taifa, hiyo haikunisumbua. Kilichonisumbua ni njia. Maboksi yalikuja kwa lori mpaka Mokowe, kutoka Mokowe kwa mashua, na ulikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka. Boksi mbili zilikula chumvi. Kutoka gati mpaka nyumbani ni punda, maana gari mjini kwetu haliingii, na punda wa kwanza alipofika kona ya mtaa akaamua kwamba fasihi imemtosha akalala chini.

Halafu Septemba na Oktoba ya mwaka huo huo wageni wawili wa Ulaya wakatekwa nyara huku kwetu, mmoja baada ya mwingine, na biashara ya mji mzima ikazimika kama taa. Mahoteli yakasimamisha ujenzi. Nina deni la mbao, nina vitabu chini ya kitanda, na mke wangu ananiangalia bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Hesabu ya nakala 1,000 hii hapa, kwa sababu najua mtauliza. Kila nakala ilinigharimu shilingi 180, jumla 180,000. Zilizolowa 60. Nilizouza kwa mkono, 350, kwa shilingi 400. Nilizopeleka madukani kwa mali kauli, 400, kwa shilingi 300 kila moja, na waliolipa walilipia 130 tu. Zilizobaki kitandani 190. Pigeni wenyewe. Nilipata 179,000. Hasara ya shilingi elfu moja, na nauli ya punda juu yake.

Kijana_Tayari

😂😂 Punda ndiye aliyepata faida kwenye mradi huu.

Mpwani_Dar

Kaka Korija, usijione peke yako. Huku kwetu Tanzania walikuwepo. Elvis Musiba, yule wa riwaya za upelelezi za Willy Gamba, kitabu cha kwanza kilitoka 1974, huyo alikuwa mfanyabiashara wa kweli kweli, si wa kujiita. Aliwahi kuongoza chemba ya wafanyabiashara wa nchi nzima. Na Ben Mtobwa, mwandishi wa habari na wa riwaya, alifungua kampuni yake, Heko, akawa anachapa vyake na vya wenzake. Sisi tulivisoma vitabu hivyo vimechakaa, jalada limetoka, kurasa za mwanzo hazipo, na bado tulilipia kukodi.

Kwa hiyo biashara na riwaya kwa Kiswahili si ajabu. Ajabu ni kuwa nyinyi Kenya mmeiachia shule kazi yote.

Mwalimu_Fasihi

Mpwani_Dar, hapo umetugusa jeraha. Ila ongeza hili: zile riwaya za Dar zilikuwa na wasomaji mjini, watu wa ofisini, madereva, askari, na lugha ya kila siku ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. Kwetu mtu anasoma riwaya ya Kiswahili kidato cha nne, anafanya mtihani, anaiuza kwa wa kidato cha tatu, na hapo ndoa imevunjika.

Binti_Langoni

Kaka Korija, heshima zako. Nina swali la wanawake. Ulipokuwa mtoni siku saba za maji mafu unaandika, huku mjini nani alikuwa anasimamia duka, watoto, na wadai? Maana mimi nina biashara yangu ya achari na mikate ya mofa, nina hadithi kichwani tangu nikiwa msichana, na mwezi kwangu haufi. Kila siku ni bamvua.

Mwana Kupona alitunga utenzi wake 1858, mgonjwa, anamuusia binti yake. Hakuna aliyemwandikia "alipata muda". Nasema tu.

Korija20

Bi Langoni, hukusema tu, umesema. Na jibu ni lile unalolijua: mke wangu. Na tena si kusimamia peke yake. Mimi najua miti, yeye anajua watu. Tangu 2003 daftari la madeni liko kwake. Ndiye aliyeniambia baada ya ile hasara, "Boriti humpi mtu korija mbili kwa kauli kabla hajalipa ya kwanza. Kitabu umewapa watu usiowajua arubaini arubaini. Kwani kitabu si mali?"

Nilikuwa nimekiona kitabu kama kitu cha heshima, nikaona haya kukidai. Mwenye duka akiniambia "bado hakijatoka, ami," naondoka kimya. Angeniambia hivyo kwa pau ningekaa kwenye ngazi yake mpaka maghrib.

Chapa ya pili alishika yeye. Duka linapata nakala tano, likilipa tano linapata kumi. Mengine tuliuza wenyewe wakati wa Maulidi, Mfungo Sita, mji ukifurika wageni kutoka pwani yote kuja msikiti wa Riyadha. Watu hao husoma. Wanakaa siku kadhaa, wana nafasi, na mtu wa Lamu aliyehamia Mombasa au Ghuba akisikia kitabu kina maneno ya nyumbani anachukua viwili. Kile Kiamu mchapishaji alichoniambia kimezidi ndicho kilichouza. Bei lakini ilibidi ipande, kwa sababu sheria ya 2013 ilileta kodi ya asilimia 16 kwenye vitabu, na mpiga chapa hakuimeza yeye.

Kwa hiyo swali lako lina jibu la aibu kidogo: mimi nilipewa maji mafu na mwezi, na mke wangu akanilindia. Wewe hujapewa. Sijui nikuambie nini zaidi ya kwamba nikiona hadithi yako nitainunua taslimu.

Binti_Langoni

Nakuweka kwenye daftari, kaka. Upande wa madeni.

Msahihishaji

Mimi nahariri miswada kwa riziki yangu, niseme neno juu ya Kiamu. Si kila msomaji anajua "ndia" ni njia na "muyi" ni mji. Ukimjaza msomaji wa Kakamega au Mwanza maneno hayo bila kumshika mkono, anakiacha kitabu ukurasa wa tatu. Mchapishaji wako hakuwa mjinga.

Korija20

Hakuwa. Nilichofanya ni hiki: msimulizi anasema sanifu, watu wanasema kwao. Nahodha akifungua mdomo anasema "ndoo hapa", yaani njoo, huwezi kumfanya aseme kama msoma habari. Msomaji wa Kakamega akikutana na "ndoo" mara ya kwanza atadhani ni ya maji, mara ya pili yuko chomboni. Vifaa vya chombo sikutafsiri hata kimoja. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni foromali. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany alitunga utenzi mzima kuhusu ujenzi wa jahazi, ubao kwa ubao, ili majina hayo yasizame. Mimi nani niyazamishe kwa kuogopa ukurasa wa tatu?

Msahihishaji

Sawa, kwenye foromali nakubali.

Mkoko_Hai

Nasoma kimya tangu jana lakini siwezi kuendelea. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Samaki wanazaa humo, kaa, kamba, na mikoko ndiyo inayozuia bahari isile nchi kavu. Na hapa tunampigia makofi mtu anayeikata kwa korija. Riwaya nzuri haifuti hilo.

Korija20

Haifuti, na sitajifanya. Nakata kwa kibali cha idara ya misitu, kwenye eneo nililoonyeshwa. Kuna wanaokata bila kibali na wanafyeka mpaka miche, nawajua, na wanajua nawajua. Lakini hoja yako ni kubwa kuliko kibali changu, naiacha isimame. Nikueleze tu kilichotokea mkono wa sheria uliponifikia, kwa sababu kina uhusiano na uzi.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu yake nchini kote, na mikoko ikaingia humo humo. Asubuhi moja watu wengi wa visiwa hivi hawana kazi. Wakataji wangu kumi na wanne, wengine walikuwa na babangu. Jahazi likapandishwa pwani, likakaa.

Nikajiambia, kila ubaya una heri yake, sasa nitaandika. Riwaya ya pili ilikuwa nusu. Nina siku nzima, nina meza, nina taa, sina mbu. Mwezi wote ni maji mafu.

Sikuandika neno. Miezi kumi na zaidi, naamka, nakaa, nafuta. Wahusika wangu wakawa watu wa kuzungumza tu, wanakaa barazani wanatoa maoni juu ya maisha, hakuna anayemdai mwenzake. Nikisoma nilichoandika nasikia sauti ya babangu: huyu anakula nini?

Mke wangu ndiye aliyeng'amua. Tulikuwa tumebadilisha duka liwe la hadiwea, simiti, misumari, mabati, rangi. Akanitoa mezani akanipeleka kaunta. Wiki ya kwanza akaja fundi mmoja kukopa mifuko mitatu ya simiti, akaapa kwa jina la mama yake atalipa Ijumaa, na mama yake tulimzika mwaka uliotangulia, nami nilibeba jeneza. Nikampa. Usiku huo nikaandika kurasa sita.

Sijaelewa sawasawa mpaka sasa. Labda ni kwamba mtu akisimama mbele yako anataka kitu na hana pesa, anakuonyesha nafsi yake yote kwa dakika tano, namna anavyoshika kofia, anaanza na habari za afya yako, anacheka kabla ya kuomba. Kwenye meza ya mwandishi mtu huyo haji. Ukataji uliporuhusiwa tena huku kwetu nilirudi mtoni, lakini kaunta sikuiacha. Halafu 2020 ikaja korona tukafunga tena, hiyo kila mtu anaijua.

Mkoko_Hai

Umejibu kwa uungwana, nashukuru. Bado nasimama niliposimama.

Korija20

Simama. Na mimi nimekusikia. Wale wakataji kumi na wanne, sita sasa wako kwenye vikundi vya kupanda miche, wanalipwa kidogo kuliko panga lilivyowalipa lakini wanalala nyumbani. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kutofautisha mche wa mkandaa na wa muia. Miaka thelathini kwenye kazi, nilikuwa najua mti uliokufa tu.

Malindi_Kwetu

Ami, mimi ndiye yule kijana wa swali la kwanza. Naendesha tuktuk hapa Malindi, nina kibanda cha kuuza simu na vocha na kaka yangu. Riwaya yangu iko kwenye simu, sura tisa. Nilikuwa nataka kumuuzia kaka sehemu yangu ya kibanda niketi mwaka mmoja nimalize. Niliposoma hiyo ya 2018 nimeogopa. Unaniambia nisiache?

Korija20

Mwanangu, kwanza kumbe ni wewe, ungejitaja mapema.

Sehemu yako usiuze. Si kwa sababu ya maneno yangu ya kaunta, hayo yanaweza kuwa ni ugonjwa wangu peke yangu. Ni kwa hesabu. Mwaka mmoja utaisha na mswada hautakuwa umekamilika, wa kwanza haukamiliki kwa muda uliopangwa, na utamalizia sura za mwisho ukiwa na njaa na haraka. Msomaji anaijua sura iliyoandikwa kwa haraka. Halafu ukipata mchapishaji, mkataba wa kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei, asilimia kumi hivi, inayolipwa baada ya mauzo kuhesabiwa. Mwenye kibanda anaweza kungojea. Asiye na kibanda atasaini chochote.

Sasa la tuktuk. Abiria wa Malindi wanazungumza mbele ya dereva kana kwamba ni kiti. Waitaliano, mafundi, mama wa soko, vijana wa ufuoni, wote wanapita nyuma ya mgongo wako. Tafuta maji mafu yako. Kwangu ni mwezi ukiwa na siku saba, nane. Kwako huenda ni saa nane mchana, jua kali, hakuna abiria, umeegesha chini ya mwarubaini. Saa moja tu, na simu ile ile.

Na kila wiki peleka nakala ya mswada mahali pengine nje ya simu. Simu ya mtu wa tuktuk ina maadui wengi.

Mwalimu_Fasihi

Kijana, ukimaliza kuna tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Inapokea miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo huhitaji kuwa na kitabu mkononi. Wakati unafanya hayo mahesabu ya ami, weka hiyo nayo kwenye safu ya mapato yanayowezekana, kwa penseli.

Malindi_Kwetu

Nimeandika yote. Saa nane mchana ni kweli hakuna abiria, ila kuna usingizi.

Kijana_Tayari

Korija, swali la mwisho la mjinga. Baada ya vitabu viwili, biashara mbili na punda mmoja, ukiulizwa kazi yako kwenye fomu unaandika nini?

Korija20

Mfanyabiashara. Fomu nyingi ni za mkopo.

Jamani nitawaacha kwa wiki mbili. Mwezi unaandama keshokutwa, chombo kinaingia mtoni na bamvua, na kule ninakokwenda mtandao unapatikana ukipanda mlingoti, na kwa umri wangu sipandi. Nimeshanunua madaftari mawili. Bi Langoni, mke wangu anakusalimu, anasema uje dukani, na njoo na achari ya embe.

Binti_Langoni

Nitakuja nayo. Kabla hujaondoka lakini: yule bibi wa vitumbua uliyemkata kurasa nne pale Mombasa. Ulimrudisha chapa ya pili, au uliokoa pesa ya karatasi tena?

Korija20

Sikumrudisha. Alikataa kuingia nilipomfungulia mlango, kitabu kilikuwa kimeshazoea kukaa bila yeye. Yuko kwenye hili daftari jipya tangu ukurasa wa kwanza. Vitumbua ameacha, sasa anakopesha watu pesa, na nusu ya muyi uko kwenye daftari lake.